Anayetembea Mbavuni

Mimi hadithi za mwanamke mzuri mwenye kwato za punda siziwezi. Kila mtu Bagamoyo ana shangazi aliyekutana naye, na ukiuliza shangazi mwenyewe yuko wapi, utaambiwa alishakufa. Hii ninayowaambia ni ya nyumba yetu wenyewe, pale Dunda, na aliyenisimulia alikuwa hai, ana macho yake mawili, na mzaha alikuwa haujui. Ni Bibi Mwanaasha, bibi yake mama yangu. Mimi nilimkuta mzee sana, lakini akili timamu, na ulimi wake ndio usiseme.

Mambo yenyewe yalitokea miaka michache kabla Wadachi hawajaupiga mji wetu mizinga. Bibi Mwanaasha wakati huo alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, na binti yake wa pekee alikuwa ameshamzika. Binti alifia uzazini, akaacha kichanga cha kike, jina lake Mwanamvua. Huyo Mwanamvua ndiye mama aliyenizaa mimi. Baba wa mtoto, Abdala, alikuwa mpagazi, yuko bara na msafara wa pembe, hata habari ya msiba haijamfikia. Jirani mmoja mwenye mtoto alimnyonyesha Mwanamvua kwa muda, kisha mumewe akamhamishia Pangani. Maziwa ya mbuzi yalimharisha mtoto mpaka macho yakamwingia ndani. Akabaki Tunu.

Tunu alikuwa ng'ombe wa bibi, mwekundu, paji jeupe, mpole wa kukamuliwa na mtu yeyote. Kila asubuhi bibi alimkamua uani, akayachuja maziwa kwa kitambaa, akayachanganya na maji yaliyochemka, akasokota pamba, akaichovya na kumnyonyesha mtoto tone kwa tone. Yalikaa tumboni. Mtoto akaanza kuvimba mashavu, akaanza kucheka. Kwa hiyo msiniulize huko mbele kwa nini bibi alifanya hivi au vile kwa ajili ya ng'ombe. Tunu akifa, Mwanamvua anamfuata. Bibi aliamka na jambo hilo na kulala nalo.

Sasa, jirani yetu wa upande wa pili wa njia alikuwa Bwanausi. Mtu mkubwa wa mtaa, sauti yake inasikilizwa barazani kwa jumbe, ana ng'ombe kupita wote, na majivuno ya kumtosha yeye na wanawe. Siku moja ulifika msafara kutoka Ugogo na mifugo nyuma yake. Bwanausi akanunua fahali mweusi mwenye nundu, mkubwa ajabu, akamfunga mbele ya nyumba ili kila apitaye amwone. Watu walimwona kweli. Hata bibi alisema wazi kwamba fahali yule alikuwa mzuri.

Haukupita muda ng'ombe mmoja wa Bwanausi akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, shingo amenyoosha mbele na viwiko amevipanua. Hali. Hacheui. Wenye ng'ombe wakaja wakatazama, kila mtu akasema lake. Mwingine akasema mbung'o, mwingine majani mabaya, mwingine akamtaja mtu, lakini kwa sauti ya chini.

Ndipo akatokea Majaliwa. Alikuja na msafara uleule, ila wenzake walipoondoka yeye alibaki. Mtu mwembamba, mtaratibu, kiswahili chake kizuri lakini huwezi kusema cha wapi. Alipiga hodi kwa Bwanausi, akasalimu vizuri, maji akayakataa, akaomba aonyeshwe mgonjwa. Akavua kofia. Akalaza shavu kwenye ubavu wa ng'ombe, nyuma ya bega, akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha akagonga mbavu kwa kidole, kama unavyogonga nazi kujua ina maji, akasikiliza tena.

"Kuna mtu anatembea humu," akasema.

Bwanausi akacheka. "Mtu gani, bwana wee?"

"Simjui. Namsikia tu. Bado yuko mbali."

Kesho yake akarudi, akasikiliza, akasema, "Anakuja." Siku nyingine akasema, "Amekaribia." Kila siku anakuja, analaza shavu, anasema neno moja na kuondoka. Mwisho akainua kichwa upesi sana, akasema, "Amefika." Ng'ombe akafa kabla ya alasiri.

Baada ya hapo nani tena angemcheka? Wazee walimpa Majaliwa chumba cha kulala, wakamwomba apite kila nyumba yenye ng'ombe asikilize. Akapita. Huyu mzima. Huyu anatembea mtu, yuko mbali. Huyu yuko karibu, mtengeni. Na aliyosema yakawa. Watu wakamwamini kupita kiasi, wengine wakawa wanamtuma mtu amfuate hata kama ng'ombe amepiga chafya tu.

Bibi Mwanaasha hakumwamini. Bibi hakuwa mtu wa kumwamini mtu kwa sababu wenzake wamemwamini. Alisimama mlangoni kwake akamtazama anavyoingia na kutoka, akaona jambo ambalo hakuna aliyelisema. Majaliwa anatoka kwa ng'ombe mgonjwa shavu limelowa povu na mate. Hajifuti. Anakwenda kwa ng'ombe mzima, analaza shavu lilelile. Na yule mzima, baada ya muda, anakohoa.

"Ama anawasikiliza," bibi akajiambia, "ama anawatia."

Jioni ileile alimwingiza Tunu ndani. Siyo bandani, ndani ya nyumba, chumba cha ndani kabisa kisicho na dirisha, alimokuwa analala yeye na mtoto. Akamtandikia majani upande mmoja, akamfunga kamba fupi. Watu walipouliza, akawaambia ng'ombe amempeleka Zinga kwa ndugu zake, malisho ya hapa hayafai. Kila alfajiri alizoa kinyesi kwa kapu na kukifukia uani chini ya matawi makavu. Majaliwa alipopiga hodi, bibi alimjibu kwa adabu zote, mlango umeegeshwa.

"Hapa hakuna ng'ombe, baba."

Majaliwa hakuondoka mara moja. Alikuwa anautazama ukuta, kichwa amekiinamisha upande. Kisha akaaga.

Ugonjwa ukazidi. Mji ulipozidiwa, wazee wakaamua kufanya lile lililofanywa na watu wa pwani tangu na tangu, kuzungusha ng'ombe. Fahali asiye na kasoro hupitishwa pembezoni mwa mji mzima, ubani mbele, wasomaji nyuma, kisha huchinjwa na nyama hugawiwa watu wote. Mimi mwenyewe nimeiona mara mbili katika uhai wangu na siisemi vibaya. Lakini mwaka ule watu waliongeza lao. Bwanausi akamtoa yule fahali mweusi, bure, kwa ajili ya mji, na akahakikisha kila mtu anajua ni bure. Majaliwa akaitwa, akalaza shavu mbele ya umati, akasema, "Huyu mzima." Na mtu mmoja, sijui nani, na waliokuwepo hawakutaka kumtaja, akasema basi kila mwenye ng'ombe amtoe nje, fahali apitapo wakutanishwe pua kwa pua, ili mabaya yao yote ayachukue yeye.

Wakakutanishwa. Mtaa kwa mtaa. Watu wanalia, wanasoma, wanasukuma ng'ombe wao mbele wasije wakakosa. Fahali anasimama, anavuta pumzi, anapuliza, anaendelea. Bibi alichungulia kwa ufa wa mlango, mtoto mgongoni, na nyuma yake chumbani Tunu anacheua kwa raha zake. Alisema alitamani kutoka naye. Wote wametoka, kwa nini yeye peke yake amkoseshe Tunu baraka? Mkono ulishafika kwenye komeo. Mtoto akalia kwa njaa, akaenda kumkamulia.

Aliyechinja alikuwa Rajabu, binamu yake bibi. Usiku umeingia tu akaja kwa mlango wa uani, mikono bado inanuka damu.

"Dada," akasema, "nikikuambia neno utalifukia?"

"Sema."

"Pafu moja la yule fahali limeshikamana na mbavu. Nimelibandua kwa kisu. Kama ukoko wa wali, dada. Ndani lina madoa, na maji ya njano yamejaa kifuani."

"Umemwonyesha nani?"

"Bwanausi alikuwa amesimama juu yangu. Kaniambia nikafukie."

Sasa pimeni wenyewe. Fahali aliyekuja na msafara ndiye aliyekuwa mgonjwa tangu mwanzo, mgonjwa asiyekohoa. Bwanausi amelijua hilo, amenyamaza. Majaliwa amelaza sikio palepale penye pafu lililoganda, akasema mzima. Hakusikia? Au alisikia? Bibi alikaa na swali hilo miaka yote na hakulipatia jibu, na mimi nimelirithi.

Mwezi uliofuata ulipoandama, mji mzima ulikuwa unakohoa. Ng'ombe walikufa wawili wawili, mpaka watu wakachoka kufukia. Mabanda yakabaki matupu. Hapo ndipo likaja jambo ambalo bibi alikuwa akilisema, anashusha sauti. Mabanda matupu hayakunyamaza. Mchana wa jua kali, watu wamejilaza, njia haina mtu, unasikia kikohozi. Kikavu, kifupi. Kinatoka kwenye banda la fulani, ambaye ng'ombe wake wa mwisho amefukiwa juzi. Unakwenda, unachungulia. Kuna kamba. Kuna majani. Hakuna kitu.

Bibi alichungulia mara moja tu. Aliona vumbi la bandani linashuka taratibu, kama kuna aliyekuwa amesimama pale sasa hivi.

Bwanausi alibaki bila hata ndama. Mtu aliyezoea kutazamwa alikuwa hatazamwi tena, na waliomtazama walimtazama vibaya. Asubuhi moja akamwona bibi yuko kizingitini na mtoto. Akavuka njia, akamsalimu, akamshika Mwanamvua kidevu kwa kidole.

"Mashallah, amenona. Anakunywa nini huyu?"

"Uji," bibi akajibu.

Bwanausi akaangalia kidole chake. Kilikuwa na utando mweupe, maziwa mabichi.

Adhuhuri haijaingia ua wa bibi umejaa watu. Hawakupiga kelele, na bibi alisema hilo ndilo lililomtisha. Walinong'ona. Ng'ombe wote wamekufa, wa huyu yu hai, amefichwa chumbani gizani. Kwa nini amfiche kama hajui kinachokuja? Na amekijuaje? Rajabu naye alikuwemo kwenye umati, kichwa ameinamisha. Bibi alimtazama ili aseme habari ya lile pafu. Rajabu akatazama miguu yake.

"Bi Mwanaasha," Bwanausi akasema, mpole kabisa, "sisi hatumtuhumu mtu. Majaliwa aingie asikilize. Yaishe."

Yaishe vipi? Bibi aliuona mtego mara ile. Majaliwa akisema Tunu mzima, basi bibi ndiye mchawi, kwa kuwa ni nani mwingine aliyeponywa? Watamfukuza mji, au watamfanyia makubwa zaidi, na mtoto atabaki na nani? Akisema mgonjwa, Tunu atachinjwa palepale, na mtoto atakufa kwa njaa. Akikataa, amekiri.

"Aingie," akasema.

Majaliwa akaingia peke yake, bibi nyuma yake. Akavua makubazi mlangoni? Hapana, hakuyavua. Nalisema hili kwa sababu bibi alilikazia sana: Majaliwa alisimama kwenye yale majani ya ng'ombe na makubazi yake miguuni. Akalaza shavu. Humo ndani giza, joto, mtoto kitandani anavuta pumzi. Tunu ametulia. Muda ukapita. Majaliwa akahamisha sikio, akasikiliza tena. Uso wake ukabadilika.

"Yumo?" bibi akanong'ona.

"Yumo."

"Wapi?"

"Karibu. Amesimama. Sijapata kumsikia amesimama."

Akatoka mlangoni akawaambia watu kwa sauti, "Ng'ombe huyu mgonjwa kama wenu. Mama huyu hana lake. Mwacheni mpaka kesho, kisha ng'ombe atolewe." Ua ukashusha pumzi. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakimtaka radhi bibi bila ya kumtazama.

Bibi akamshika Majaliwa mkono. "Umesema kweli, au umeniokoa tu?"

"Vyote viwili."

"Mtoto wangu hana maziwa mengine, baba. Hana! Niambie la kufanya."

Majaliwa akasema yapo ya kufanya, ila hayapendi. Anayetembea anaweza kuitwa atoke kabla hajafika. Lakini akitoka lazima apate pa kuingia, hawezi kukaa nje.

"Aingie kwangu," bibi akasema. Hakufikiri. Aliniambia hakufikiri hata kidogo. Mtoto atapata maziwa mpaka aote meno, na Abdala atarudi, na yeye ameshakula chumvi yake.

"Umeshawahi kumtoa?" akamuuliza.

"Mara moja."

"Aliingia wapi?"

Majaliwa akainama, akaanza kukaza kamba za kubazi lake. Alizikaza muda mrefu. Alipoinuka akampa maagizo. Udongo wa chumbani umelowa mate ya ng'ombe, auchimbue wote autupe, apige udongo mpya mbichi na kuusawazisha. Kesho mchana, watu wanapojilaza, atandike mkeka karibu na ng'ombe, ajilaze chini, amwambie kwa kinywa chake aingie kwake. Asifumbue macho mpaka amsikie ng'ombe anacheua. Na chumbani asiwepo mtu mwingine.

"Mtu mwingine yeyote," akarudia.

Bibi alifanya kazi hiyo peke yake mpaka viganja vikachubuka. Asubuhi akambeba mtoto kumtafutia wa kumshikia. Jirani wa kwanza alimwona anakuja, akafunga mlango. Wa pili akasema ana wageni. Akaenda mpaka kwa Rajabu, mkewe akamtazama mtoto, akarudi nyuma hatua nzima, akasema, "Nisamehe, dada." Mtoto wa nyumba iliyotajwa uchawi, hata kama imesafishwa, nani anamgusa siku ya pili yake? Jua likawa utosini. Bwanausi na watu wake watakuja kumtoa Tunu alasiri.

Akarudi naye ndani. Alijiambia mtoto mchanga si mtu mwingine. Bado ni kipande cha mwili wake, hajatimiza utu wa kuhesabiwa. Akamlaza kitandani upande wa pili wa chumba, ukutani kabisa, akamfunika. Akatandika mkeka wake katikati, kati ya ng'ombe na kitanda. Akasema kama kuna kitu kitataka kupita, kitamkuta yeye kwanza.

Akajilaza. Akafumba macho.

"Njoo kwangu," akasema kwa sauti. "Mimi Mwanaasha, nipo hapa. Njoo kwangu."

Kimya. Mji umelala. Jasho linamtiririka shingoni. Tunu anavuta pumzi, na pumzi inakwama, anaanza tena.

Kisha Tunu akakohoa. Mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie mjini. Kikavu, kifupi. Akakohoa tena. Akakohoa mfululizo, kamba inavutika, nguzo aliyofungwa inalia. Bibi anabana macho. Anasema, njoo kwangu, njoo kwangu.

Kikohozi kikakatika.

Majani yakasagika. Kidogo. Halafu udongo mbichi. Mnaujua mlio wa unyayo ukiinuka kwenye udongo mbichi? Chwap. Kimya. Chwap. Hauna haraka. Unakuja upande wake. Akasikia ubaridi karibu na sikio, na harufu ya maziwa yaliyochacha. Ukasimama hapo.

Bibi akafungua mikono kifuani. "Ingia," akanong'ona.

Alingoja. Hakujua alingoja kwa muda gani. Alisikia moyo wake tu. Kisha akasikia sauti tamu kuliko zote alizowahi kusikia. Krashi, krashi, krashi. Tunu anacheua.

Akafumbua macho. Tunu amesimama, macho maangavu, pua imelowa vizuri, kiwele kimejaa. Bibi alilia mpaka akapaliwa. Akamkamua palepale, akamchukua mtoto, akampa, mtoto akanywa kwa pupa ambayo hajapata kuwa nayo. Watu wa Bwanausi walipokuja walimkuta ng'ombe anakula. Wakaenda kumwita Majaliwa asikilize tena. Chumba chake kilikuwa kitupu, na hakuna aliyemwona akipita njia ya Zinga wala ya bara. Wakaogopa, wakamwachia bibi ng'ombe wake.

Tunu aliishi, akamlea Mwanamvua mpaka akaota meno, akatembea. Bibi naye akakaa kungoja kifo chake. Aliaga watu. Aliandaa sanda. Kila asubuhi alivuta pumzi akasikiliza kifua chake. Hakuna kitu. Hakukohoa hata mara moja. Ndivyo alivyokuwa akitusimulia sisi watoto, na hadithi aliikomesha hapo, kwenye Tunu kucheua, sisi tukashangilia kwamba bibi amemshinda yule mtu. Yeye alikuwa hashangilii. Mimi nilidhani ni uzee.

Chumba kile cha ndani hakikupigwa udongo tena. Kilikuwa na jamvi kubwa, na jamvi lile lilikuwa halianikwi. Siku moja, nimeshakuwa msichana mkubwa, mama alisema nyumba yote isafishwe kwa ajili ya Ramadhani. Mimi na pupa zangu nikalivuta na lile.

Udongo ulikuwa umekauka siku nyingi, mgumu kama kigae, na alama zake zote zimo, nyayo za bibi na kwato za Tunu. Katikati niliona chapa ya mkeka, msuko wake mmoja mmoja, na bonde pale mwili wa mtu ulipolala. Kutoka upande wa majani ya ng'ombe zilikuja nyayo. Miguu mitupu. Midogo kuliko ya mtu mzima, vidole vimetanuka. Hakukuwa na nyayo ndogo kama hizo za kwenda kwa ng'ombe, zilianzia hukohuko. Zilifika kwenye chapa ya mkeka, penye kichwa, zikasimama, mbili sambamba. Kisha zikaendelea upande wa pili wa mkeka. Hazikuzunguka. Ilikuwa hatua moja ndefu.

Nikazifuata kwa macho mpaka kwenye mguu wa kitanda. Pale ndipo zilipokomea. Mbili za mwisho hazina visigino, ni vidole tu, vimezama sana. Nilitafuta za kurudi. Nilitafuta mpaka ukutani.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. Nilidhani atanipiga. Hakunigusa. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, yule mwanamke ambaye sikuwahi kumwona analia.

"Nilimwambia aje kwangu," akasema. "Nilimwambia kwa sauti, mjukuu wangu. Nilimfungulia na mikono."

Uani ungo ulinyamaza. Mama alikuwa anapepeta mchele, mama yangu mnene, mcheshi, ambaye katika umri wake wote hakuumwa hata kichwa, na ambaye bibi, sasa ndiyo nakumbuka, hakuwahi kumpa kisogo.

"Rudisha jamvi," bibi akaninong'oneza, ananishika mkono kwa nguvu za ajabu. "Rudisha upesi. Anakuja."

Nikalirudisha. Mama alikuwa anakuja kweli, pekupeku, hana haraka.